Kastadi isiyo na sukari na uongo mwingine wa jikoni

Mama yangu ana kisukari cha aina ya pili na hafungi, daktari alishamkataza. Lakini futari haimpiti. Ramadhani moja, hapa Tanga, shangazi alimletea bakuli la kastadi aliyompikia yeye peke yake. “Kula, wifi yangu, humu sukari hamna hata chembe.” Kabla ya kula, mashine ya kupimia sukari ya damu ilisoma 7.1 (milimoli kwa lita). Saa mbili baadaye ikasoma 14.6. Shangazi aliitazama ile mashine kama vile imemsingizia.

Hakudanganya. Sukari kweli hakutia. Alitia unga wa kastadi, ambao ukiondoa rangi na harufu ni wanga wa mahindi mtupu, na wanga ukishaliwa hugeuka sukari ya damu. Akakatia ndizi mbivu mbili, chini akatandika biskuti, juu akamwagia asali. Tangu siku hiyo nayategea sikio yale yanayosemwa jikoni kwetu kuhusu “chakula cha mgonjwa wa sukari”, na mengi ni ndugu wa ile kastadi.

“Asali, tende na sukari guru si sukari.”

Hili ndilo gumu kulikanusha, kwa sababu asali na tende zina heshima yake, na hakuna anayebishana na baraka ya tende. Lakini kijiko kimoja cha chakula cha asali kina takriban gramu 17 za sukari, wakati kijiko hicho hicho cha sukari nyeupe kina gramu 12 au 13. Asali ni nzito, ndiyo maana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, liliiweka asali na juisi ya matunda katika kapu moja na sukari ya kupunguza.

Tende kavu nazo, katika kila gramu 100, karibu 75 ni wanga, na sehemu kubwa ya huo ni sukari. Tende moja ndogo ya kufungulia haizidi gramu 5 au 6 za wanga, na mama huila na kuihesabu. Kinachomponza ni sahani kuzunguka huku watu wanapiga soga na kokwa zinarundikana pembeni. Sukari guru ni maji ya muwa yaliyochemshwa yakaganda. Rangi yake ya kahawia mashine haiijui.

“Dona haipandishi.”

Inapandisha. Gramu 100 za unga, uwe sembe au dona, zina zaidi ya gramu 70 za wanga. Dona ina nyuzinyuzi zaidi, basi, kwa hiyo ni afadhali kuliko sembe. Haigeuki kuwa mchicha. Na muhogo, ambao siku hizi unasifiwa eti hauna ngano, ukishakaushwa na kusagwa ni wanga karibu mtupu.

“Aache vitamu tu, chakula ale kama kawaida.”

Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina gramu 45 hivi za wanga, sawa na vijiko 11 vya chai vya sukari. Sasa niambie, nani hapa pwani anakula wali kikombe kimoja?

Mimi naona lugha yenyewe inatuponza. Wali na ugali ndivyo tunavyoviita chakula. Samaki, nyama, mchicha na bamia tunaviita mboga au kitoweo, kitu cha kuteremshia tonge. Mtu akila samaki mzima na bakuli la mchicha bila ugali, atasema leo hakula. Kwa mgonjwa wa sukari mpango huo inabidi upinduliwe: kitoweo kijaze sahani, wali uje pembeni, upawa mdogo. Tena aanze na kitoweo, wali umalizie, maana mboga na samaki vikitangulia tumboni sukari hupanda kwa mwendo wa taratibu zaidi.

Bahati yetu ni kwamba kitoweo cha pwani hakihitaji kurekebishwa. Samaki wa kupaka ni changu wa kuchoma, tui zito, ukwaju, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili. Unga hauingii mahali popote. Pweza wa nazi, kisamvu, bilinganya, mchicha, vyote hivyo wanga wake ni kidogo. Biriani pia ina mlango wake, kwa sababu kwetu masala hupikwa mbali na wali mbali. Mama huchukua masala yake akayamwagia juu ya kabichi iliyokatwa nyembamba kama tambi na kugeuzwageuzwa kwenye kikaango kwa bizari na chumvi. Koliflawa iliyokunwa inafanana zaidi na wali, sikatai, ila kabichi ya Lushoto ndiyo inayoingia mfukoni mwa kila mtu. Viazi vya kukaanga vilivyojificha kwenye masala huviacha sahanini. Urojo hauachi, ingawa anajua umeshikwa kwa unga. Siku hiyo wali haugusi.

Na isidhaniwe ni mambo ya kujitungia. Mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kiliandika kwamba, kati ya njia za ulaji, kupunguza wanga kwa jumla ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kuteremsha sukari ya damu.

“Mgonjwa hana haki ya kitamu.”

Kastadi ya shangazi tuliirudia, safari hii bila ule unga. Mayai 4 yanapigwa taratibu yasitoe povu, yanachanganywa na vikombe 2 vya tui zito la vuguvugu, iliki, kungumanga ya kukwaruza na nyuzi chache za zafarani zilizolowekwa. Utamu unatoka kwenye stevia au erithritoli, vitamu mbadala wa sukari, kwa kuonja. Chuja, mimina kwenye vibakuli 6, vifunike, vipange ndani ya sufuria yenye maji yanayofika nusu ya kibakuli, moto mdogo kwa nusu saa hivi. Ukitikisa, katikati patetemeke kidogo; pakitulia kabisa umepitiliza, na yai litatoa maji. Kila kibakuli kina kama gramu 5 za wanga.

Usitupe machicha. Yakianikwa yakakauka na kusagwa yanakuwa unga wenye nyuzinyuzi nyingi, na ukiushika kwa yai na karanga za kusaga unapata vibiskuti. Vinakatika ovyo, nakubali, lakini vinalika. Siku ya uvivu ni mtindi uliotundikwa kwenye kitambaa usiku kucha, nazi iliyokaangwa kavu juu, na vipande vichache vya pera. Parachichi pia: katika gramu 100 wanga ni 8 au 9 tu, na zaidi ya nusu yake ni nyuzinyuzi.

Kashata, visheti, kaimati na halua sijaweza kuvitengeneza upya, na wanaodai wameweza sijawaelewa. Halua ni sukari na wanga vilivyosongwa kwa samli. Ukiviondoa hivyo viwili unabaki na iliki. Mama hula kipande cha ukubwa wa kucha, na kahawa chungu.

“Kimeandikwa ‘hakina sukari’, basi ni ruksa.”

Biskuti za namna hiyo bado ni ngano. Chokoleti nyingi za “wagonjwa wa kisukari” hutiwa maltitoli, ambayo hupandisha sukari, japo chini ya sukari yenyewe, na ukizidisha hutoki msalani. Hata pakiti za stevia nyingine zimejazwa maltodekstrini, nayo ni wanga. Geuza pakiti, soma nyuma, tafuta jumla ya wanga.

Upande wa pili wapo wanaosema vitamu bandia ni sumu kwa sababu Shirika la Afya Duniani lilivikataza. Mwongozo wenyewe, wa Mei 2023, ulishauri watu wasivitegemee kupunguza uzito, na ulisema wazi kwamba hauwahusu waliokwisha kuwa na kisukari.

“Kichungu huua sukari.”

Karela, mlonge, mwarobaini: ulimi ndio unaoonja uchungu, damu haionji. Karela iliyopikwa na vitunguu ni mboga nzuri isiyo na wanga mwingi. Kuinywa juu ya sahani ya pilau hakuifuti pilau.

“Mafuta hayapandishi, kwa hiyo ale atakavyo.”

Sukari hayapandishi sana, kweli. Ila mwenye kisukari moyo wake uko hatarini kuliko wa mwenzake, na mafuta ya nazi na samli ni yale ya kugandamana. Tui la kupaka samaki ni jambo moja, kukaanga kila kitu ni jingine.

“Akipunguza wanga, dawa aache.”

Hapa sitanii. Wenye kisukari cha aina ya kwanza hawaachi insulini hata wasipogusa tonge. Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi au gliklazidi, akikata wali ghafla bila dozi kurekebishwa, sukari inaweza kushuka chini ya 3.9: jasho, kutetemeka, maneno kuvurugika. Anayetumia dawa za jamii ya empagliflozini au dapagliflozini, akiacha wanga kabisa, damu inaweza kujaa asidi hata kama mashine inasoma namba ya kawaida. Kwa hiyo kliniki kwanza, kabichi baadaye.

Na ikishuka, kibiskuti cha machicha hakimsaidii, wala kastadi ya mayai, wala soda ya “zero”. Kashata pia hapana, karanga zake hucheleweshea sukari njiani. Anahitaji gramu 15 za sukari inayofika haraka: nusu glasi ya soda ya kawaida, au vijiko 4 vya chai vya sukari ndani ya maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Kwetu soda hiyo inakaa mlangoni mwa friji, imefungwa uzi mwekundu shingoni. Wajukuu wanajua ni ya bibi, na shangazi ndiye aliyeufunga ule uzi.