Maganda ya matunda kwa sungura: yanayosemwa na ukweli wake

Masoko ya Mabibo na Buguruni jijini Dar es Salaam, au Kongowea kule Mombasa, humwaga maganda ya ndizi, maembe, mananasi na matikiti kila siku. Mfugaji aliyechoshwa na bei ya peleti (chakula cha dukani cha vidonge) ana haki ya kuyatazama kama chakula. Yanafaa kweli, ila yanayosemwa kuyahusu yanaua sungura.

Dhana: "Sungura anayapenda, basi ale ashibe"

Sungura huanza na kitamu na kuacha nyasi, kwa hiyo kupenda kwake si kipimo. Pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana ana mfuko mkubwa wenye bakteria wanaochachusha nyuzinyuzi. Sukari ikizidi, nyingine hufika humo kabla haijamaliza kumeng'enywa. Bakteria wabaya, hasa wa jamii ya Clostridium, huongezeka haraka na kutoa sumu. Tumbo hujaa gesi, mnyama huharisha majimaji, na kwa kuwa sungura hawezi kutapika, hana namna ya kukirudisha alichokula. Walioachishwa kunyonya karibuni, wa wiki 4 hadi 8, ndio hufa upesi, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Msiwape matunda kabisa mpaka wafikishe wiki 12.

Mkubwa wa kilo 2.5 hadi 3 anatoshwa na gramu 50 za maganda mabichi kwa siku. Anzeni na gramu 10, mpande taratibu kwa wiki mbili, na nyasi kavu zisikosekane kizimbani usiku na mchana.

Kila asubuhi angalieni chini ya wavu wa kizimba. Usiku sungura hutoa kinyesi laini, chenye kung'aa, kilichoshikana kama kichala cha zabibu, na hukila palepale kinapotoka, maana kina protini na vitamini B. Kikionekana kimebaki sakafuni au kimegandia manyoya ya nyuma, chakula kimezidi utamu. Acheni maganda, mbakize nyasi tu hadi kinyesi kirudi kuwa vidonge vikavu.

Dhana: "Yakikaushwa hayana kikomo"

Jua huondoa maji, sukari inabaki. Maganda mabichi ya kilo 10 yenye maji asilimia 80 hutoa takriban kilo 2.3 makavu, kwa hiyo gramu 12 kavu ni sawa na zile gramu 50 mbichi.

Hata hivyo kukausha ndiyo njia bora ya kuyahifadhi. Osheni kwa maji safi kupunguza vumbi na viuatilifu vilivyo juu ya ganda, ondoeni kokwa za embe, kateni vipande vya sentimita 2 au 3. Tandazeni kwenye kichanja cha wavu, tabaka lisizidi sentimita 3, na geuzeni mara tatu au nne kwa siku. Ganda likikunjwa likavunjika badala ya kupinda, limekauka. Yakitandazwa mazito, ya chini huota ukungu wakati ya juu yanaonekana makavu.

Dhana: "Maganda yanatosha badala ya peleti"

Protini yake ni ndogo mno, na sungura anayekua anahitaji asilimia 16 hivi. Mchanganyiko wa kilo 100 unaokaribia hapo, wenye nyuzinyuzi karibu asilimia 17:

- maganda makavu yaliyosagwa, kilo 10
- pumba za mahindi, kilo 22
- pumba za ngano, kilo 20
- mashudu ya alizeti, kilo 20
- lusani (alfalfa) kavu, kilo 26
- unga wa mifupa, kilo 1.5
- chumvi, nusu kilo

Gramu 120 kwa siku kwa mkubwa asiyenyonyesha. Siku anayokula huu, maganda mabichi hapewi.

Dhana: "Palipooza unakata, panapobaki ni salama"

Katika tunda laini, nyuzi za kuvu huwa zimeshapenya mbali kuliko doa linaloonekana. Baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu, na kuchemsha hakuiondoi. Yenye ukungu yaende kwenye mboji.

Dhana: "Ganda la parachichi ni sawa na mengine"

Hapana. Parachichi lina persini, sumu inayodhuru misuli ya moyo na viwele vya sungura. Ganda, kokwa na majani yake yasifike kizimbani kabisa. Wanaofuga Njombe na Murang'a, ambako mabaki ya parachichi ni mengi, wawaonye pia vijana wanaolisha.

Dhana: "Matunda yana maji, sungura hahitaji kunywa"

Sungura mkubwa anayekula chakula kikavu hunywa karibu mililita 300 kwa siku, na anayenyonyesha hufikia lita moja au zaidi. Akikosa maji hupunguza kula, maziwa hupungua, vitoto hudumaa. Maji safi yawepo saa zote, na mnapohama kutoka maganda mabichi kwenda makavu, ongezeni maji siku hiyohiyo.