Rangi ya kwenye simu sio rangi utakayoiona ukutani

Wengi wanaamini ukipiga picha sebule ukaibadilisha rangi kwenye app basi fundi akimaliza utaona kilekile, hapana aisee. Kamera inajirekebishia weupe yenyewe, taa ya njano ya 2700K (K ni Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga) kamera inaipunguzia njano, halafu skrini inatoa mwanga wake wakati ukuta unaakisi tu mwanga uliopo chumbani, kwahiyo ile krimu uliyoipenda kwenye simu, ukutani usiku inakua njano kabisa. Na ukimwaga rangi juu ya picha bila kuacha vivuli ukuta unaonekana kama manila (tumia modi ya Multiply jamani, ile ya kwenye app inayochanganya rangi na picha huku vivuli vikibaki). Picha ikusaidie kuchagua kati ya kijani na bluu, basi. Ukishaamua nunua kopo dogo, piga mikono miwili (yaani upake mara mbili) kwenye kipande cha jipsamu, kikikauka kiegemeze ukutani ukiangalie mchana, na usiku taa zikiwaka.