Aliyepiga ndiye aliyelipa: ratiba za UUCP na foleni za usiku

Kwenye UUCP, programu iliyoziwezesha kompyuta za mfumo wa Unix kupelekeana barua na mafaili kwa laini za simu, mashine iliyopiga simu ndiyo iliyobeba bili, lakini mizigo ilipita pande zote mbili. Ukilishika hilo, utaelewa karibu kila uamuzi uliofanywa kuhusu ratiba za kompyuta za Unix enzi za modemu, kifaa kinachounganisha kompyuta na laini ya simu. Wanaosimulia historia hii hukimbilia anwani za ajabu zenye alama za mshangao, kama ihnp4!duke!mtu, wakaliacha suala la pesa. Mimi kazi yangu ni foleni za barua pepe, kwa hiyo nitaanzia kwenye foleni.

Programu hii iliandikwa na Mike Lesk huko Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, ikasambaa dunia nzima ndani ya Toleo la 7 la Unix, mwaka 1979. Ukituma barua, si lazima simu ipigwe. Barua inawekwa kwenye saraka ya /usr/spool/uucp ikiwa mafaili: lenye maandishi yenyewe, lenye amri itakayotekelezwa upande wa pili (rmail kwa barua, rnews kwa habari za Usenet, mtandao wa majadiliano ambao makala zake zilinakiliwa mashine hadi mashine), na lenye maelekezo ya kazi. Hapo inatulia. Baadaye programu nyingine, uucico, inaamka, inaangalia nani ana mzigo, inapiga modemu na kuingia kwenye mashine ya jirani kwa jina na nywila kama mtumiaji yeyote.

Aliyepiga anaanza kutuma vyake. Akimaliza, anaomba kukata simu. Jirani akiwa na foleni yake, anakataa: bado sijamaliza. Wanabadilishana zamu, na sasa anayetuma ni yule aliyepigiwa, huku mita ikiendelea kusoma kwa aliyepiga.

Kampuni ya simu ya Marekani ilikuwa na bei tatu kwa siku za kazi. Bei ya juu ilianza saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ya kati hadi saa tano usiku, na ya chini kutoka hapo hadi saa mbili asubuhi tena. Ndiyo maana faili la L.sys, lililoorodhesha majirani, lilikuwa na sehemu ya saa mara tu baada ya jina. Ukiandika Any, mashine itapiga wakati wowote. Ukiandika Never, haitapiga kamwe, itasubiri kupigiwa. Ukiandika Wk2305-0755, itapiga siku za kazi kuanzia saa tano na dakika tano usiku hadi saa mbili kasoro dakika tano asubuhi. Zile dakika tano za pembeni zina maana yake: saa za kompyuta hazikuwa zikilinganishwa na chochote, na iliyohesabika kwenye bili ni saa ya kampuni ya simu.

Usiku huo ulitosha nini? Modemu ya biti 300 kwa sekunde hupitisha herufi 30 kwa sekunde, kwa sababu kila herufi hubeba biti 10 ukijumlisha za kuanzia na kumalizia. Megabaiti moja inahitaji zaidi ya saa tisa na robo. Dirisha la bei ya chini ni saa tisa kamili! Kwa biti 1200 unapata megabaiti hiyo kwa saa mbili na dakika ishirini hivi, iwapo laini haina kelele na hakuna pakiti ya kurudiwa. Sasa weka majirani watano wanaogombania modemu moja, kila mmoja akitaka habari zote za Usenet.

Kwa hiyo habari hazikutumwa moja moja. Amri ya uux, inayopanga kazi ya kutekelezwa kwenye mashine ya jirani, ilikuwa na chaguo la -r, linalosema weka kwenye foleni lakini usipige. Hilo ndilo ninaloliheshimu kuliko yote katika mfumo huu: kupanga mzigo ni kazi moja, kupiga simu ni kazi nyingine, na cron, programu inayoanzisha kazi kwa saa zilizopangwa, ndiyo inayoamua lini zikutane. Makala za Usenet zilikusanywa kwenye fungu moja, kila makala ikitanguliwa na mstari wa #! rnews na idadi ya baiti zake, kisha fungu zima likabanwa kwa programu ya compress. Kama daladala, halikuondoka mpaka lijae. Simu ikikosa kupokelewa, uucico haikuruhusiwa kujaribu tena papo hapo. Kwenye faili la kumbukumbu utakuta maneno RETRY TIME NOT REACHED (muda wa kujaribu tena haujafika), ambayo yamewatesa mafundi wengi waliokuwa na haraka.

Lakini barua haiwezi kusubiri daladala. Kila kazi kwenye foleni ilipewa daraja la herufi moja. Kwa kawaida barua ilipewa C na habari d, na C hutangulia. Bado hilo halikutatua tatizo la mita. Fikiria umepiga saa nne asubuhi, kwa bei ya juu, kuchukua barua moja ya haraka. Jirani anakupa barua, halafu kwa moyo mweupe anaanza kukumwagia habari za usiku mzima. Daraja limepanga nani atangulie tu, halijazuia chochote. Suluhisho lilikuja baadaye: anayepiga anajitambulisha kwa jina lake na kuongeza -vgrade=C, yaani kwenye simu hii nipe za daraja C kwenda juu, nyingine zibaki.

Upande mwingine wa pesa ni nani apige kwanza. Vifaa vya kupiga simu vyenyewe vilikuwa ghali, na mashine nyingi ziliweza kupokea tu. Chuo kikuu cha Duke, ambako Tom Truscott na Jim Ellis walibuni Usenet mwaka 1979, kilijitolea kuzipigia usiku mashine za namna hiyo na kudai gharama baadaye. Wengine hawakudai. Mashine kama decvax ya kampuni ya DEC na ihnp4 ya Bell Labs zilipitisha barua za nusu ya dunia ya Unix kwa bili za waajiri, na sidhani mabosi wote walijua walikuwa wakilipia nini. Mwaka 1987 Rick Adams alianzisha UUNET, kituo cha kupitisha barua na habari za UUCP, ambako hatimaye mtu alilipia huduma hiyo waziwazi.

Huku kwetu mfumo uliovuma zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa Fido, mtandao mwingine wa kompyuta zilizopigiana simu, si UUCP, ila hesabu ni ileile. Mtandao wa ESANET uliunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam pamoja na Zambia na Zimbabwe, na barua za nje zilipitia GreenNet, mtoa huduma wa mtandao wa London. London ndiyo iliyopiga, kwa sababu simu kutoka Uingereza ilikuwa nafuu kuliko simu kutoka Nairobi. Afrika Mashariki iliweka mizigo yake kwenye foleni ikasubiri modemu iite.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho, Taylor UUCP, toleo la UUCP lililoandikwa upya baadaye, bado inapatikana. Soma hasa amri ya call-timegrade. Ukiandika

call-timegrade C Wk0755-2305

unaomba kwamba simu zako za mchana zisiletewe chochote kilicho chini ya barua. Nasema unaomba, kwa sababu mwongozo wake wenyewe unatahadharisha kuwa hakuna njia ya kuulazimisha upande wa pili utii. Programu ya jirani ikiwa ya zamani, itapuuza ombi lako na kukuletea kila kitu, na wewe ndiye uliyepiga.