Upokezi: kwa nini kichekesho kilekile huchekwa tofauti

Upokezi ni neno lililotoka katika kitenzi cha kila siku, kupokea. Mgeni hupokewa, simu hupokewa, mshahara hupokewa. Katika uhakiki wa sanaa, upokezi ni namna hadhira inavyoipokea kazi: inavyoielewa, inavyoipenda au kuikataa, na maana inayoipa kutokana na maisha yake yenyewe. Baadhi ya watu hulichanganya na mapokeo. Mapokeo ni yale tuliyorithi kwa wazee, mila na desturi. Upokezi ni tendo, tena halina mwisho, maana kipindi kilichorekodiwa miaka 45 iliyopita kinaweza kupokewa upya leo jioni na kijana anayekiona kwa mara ya kwanza kwenye simu yake.

Nitaieleza dhana hii kwa kipindi ambacho wengi wetu Afrika Mashariki tunakikumbuka, Mind Your Language. Kilitungwa na Vince Powell, kikatengenezwa na London Weekend Television, na kilianza kuonyeshwa kwenye ITV ya Uingereza tarehe 30 Desemba 1977. Mwalimu Jeremy Brown, aliyeigizwa na Barry Evans, anafundisha Kiingereza darasa la jioni la watu wazima jijini London, na wanafunzi wake wametoka kila pembe ya dunia. Ali Nadim ni Mpakistani anayejibu swali ambalo hakuulizwa. Ranjeet Singh, Kalasinga mwenye kilemba, huomba radhi elfu moja kila akikosea. Chung Su-Lee, Mchina, hasahau kitabu chake chekundu cha Mwenyekiti Mao. Jamila hafumbui kinywa mara nyingi, mikono iko kwenye kufuma sweta. Juan Mhispania, Taro Mjapani, Giovanni Mwitaliano, Max Mgiriki, wote wana lafudhi na neno lao moja la kurudiarudia. Juu yao yuko mkuu wa chuo, Miss Courtenay, ambaye macho yake peke yake yanatosha kumnyamazisha Brown.

Kuna jambo watu hulipita bila kulitazama. Waigizaji wengi hawakutoka katika nchi walizoziigiza. Ranjeet aliigizwa na Albert Moses, mzaliwa wa Sri Lanka. Su-Lee aliigizwa na Pik-Sen Lim, mzaliwa wa Penang, Malaysia. Max wa Ugiriki ni Kevork Malikyan, Muarmenia aliyezaliwa Uturuki. Hata Danielle, Mfaransa anayemchanganya kila mwanamume darasani, ni Françoise Pascal aliyezaliwa Mauritius, kisiwa cha bahari yetu hii hii. Kwa hiyo Mgiriki na Mchina tuliowaona pale walikuwa picha ambayo Mwingereza wa miaka ile alikuwa nayo kichwani, ikavishwa mtu aliyepatikana. Ukilijua hilo, tayari upokezi wako umesogea kidogo.

Sasa sikiliza kicheko. Kama vichekesho vingi vya Uingereza vya wakati ule, kipindi kilirekodiwa mbele ya watu waliokaa studioni, na kicheko chao kimebaki ndani ya kanda. Siku moja nilikuwa nikikitazama na mpwa wangu, aliyezaliwa na kukulia Uingereza, akiwa amekuja Mombasa kwa likizo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka kabla Ali hajafungua mdomo. Yeye alikaa kimya dakika nyingi, kisha akaniuliza, "Mjomba, hawa wanaocheka humo ndani ni kina nani?"

Swali lile lilinikamata, kwa sababu nilikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu utotoni na kukichukua kama sehemu ya kipindi, kama muziki wa mwanzo. Kumbe ni watu. Ni hadhira ya kwanza, Waingereza wa mwishoni mwa miaka ya 1970, na kila wanapoangua kicheko wanatuambia walipoona pa kuchekea. Mara nyingine hucheka kwa sababu neno la Kiingereza lina maana mbili na mwanafunzi ameichukua ile ya pili. Hapo nami hucheka, kwa moyo wote. Mara nyingine hucheka kwa sababu tu mtu wa Asia amefungua mdomo na sauti imetoka ilivyotoka. Baada ya swali la mpwa wangu nilianza kuvitofautisha vicheko hivyo viwili, na sijaweza kuacha.

Wataalamu wana jina la kile tunachokwenda nacho mbele ya televisheni. Mwaka 1967, Hans Robert Jauss wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, alizungumzia upeo wa matarajio, yaani mpaka wa yale ambayo hadhira imezoea, inayajua na inatarajia kuyakuta. Upeo huo ukisogea, kazi ileile huonekana kwa umbo jingine. Jauss alikuwa akizungumzia fasihi, lakini hoja yake inaingia sebuleni kwetu bila taabu.

Upeo wa Mwingereza wa 1977 ulikuwa na nini ndani yake? Miaka mitano nyuma, Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia Uganda, na zaidi ya 27,000 kati yao walikimbilia Uingereza. Agosti 1977, miezi minne tu kabla ya kipindi kuanza, chama cha National Front kilichopinga wahamiaji kiliandamana Lewisham, London, na mitaa ikageuka uwanja wa mapambano. Januari 1978 Margaret Thatcher, wakati huo kiongozi wa upinzani, alisema kwenye televisheni kwamba watu wanahofu nchi yao kufurikwa na watu wa utamaduni mwingine. Mtu aliyeyasikia hayo siku za kazi ndiye huyohuyo aliyewasha televisheni jioni akakutana na darasa la wageni wasiojua kusema. Fikiria basi familia iliyotoka Kampala na masanduku mawili, watoto wao wako shule za Uingereza, na kesho yake asubuhi wanafunzi wenzao wanawaita "Ali" huku wakitikisa vichwa.

Ndiyo maana sikubaliani na maneno yanayorudiwa kila mara, kwamba watu wa zamani hawakuona tatizo na sisi wa leo ndio tumekuwa wepesi wa kuumia. Waliona. Kipindi kilisimamishwa mwaka 1979, kikiwa bado kinatazamwa na mamilioni, na aliyekisimamisha ni Michael Grade, msimamizi wa vipindi wa kampuni ileile iliyokitengeneza. Sababu inayotajwa ni kwamba aliona kinawachora watu wa mataifa mengine kwa dharau. Kilirudi kwa muda mfupi mwaka 1986, mikononi mwa watengenezaji wengine. Hadhira haikuwa moja hata siku ya kwanza. Tofauti ni kwamba walioumia wakati ule hawakuwa na sauti ya kufika mbali.

Hapa ndipo Stuart Hall anapotusaidia. Alizaliwa Jamaica, akafanya kazi Birmingham, na mwaka 1973 alieleza kwamba ujumbe wa televisheni haumfikii mtazamaji kama maji yanavyomiminwa gilasini. Mtazamaji naye hufanya kazi. Anaweza kuupokea kama ulivyokusudiwa, anaweza kuukubali nusu na kuukatalia nusu, au anaweza kuuelewa vizuri kabisa kisha akaupinga. Chumba kimoja kinaweza kuwa na wote watatu, wakila karanga kwenye sahani moja.

Ila mfano mzuri zaidi wa upokezi, kwa maoni yangu, uko upande wetu wa dunia. Kipindi ambacho nyumbani kwao kilisimamishwa kwa kudhaniwa kinawadhalilisha wageni, kilipendwa sana katika nchi za hao hao wageni: India, Pakistani, Sri Lanka, Nigeria, Kenya. India walikipenda mpaka wakatengeneza chao mwaka 1993, Zabaan Sambhalke, na Pankaj Kapur akawa mwalimu. Safari hii lugha inayofundishwa ni Kihindi, na Mwingereza naye kakaa kwenye dawati anahangaika.

Kwa nini tulikipenda? Sisi tulikitazama tukiwa tumekaa upande wa wanafunzi. Kenya, kulikuwa na shule ambako mtoto aliyesema lugha ya mama alivishwa kibao shingoni na kuchapwa. Kiingereza kilikuwa mlango wa kazi na pia fimbo. Halafu jioni tunamwona Mwingereza mzima, mwenye shahada, anashindwa kueleza kwa nini neno moja lina maana nne na kwa nini linaandikwa hivi na kutamkwa vile. Makosa ya Ali yalikuwa makosa yetu, na mara nyingi kosa lake lilikuwa na mantiki kuliko jibu sahihi. Mimi nilicheka nikiona Kiingereza kinavuliwa koti.

Tena sikio letu lilikuwa limeshazoea lafudhi. Waliokua na Vioja Mahakamani, kichekesho cha televisheni ya Kenya, wanajua: mshitakiwa anapanda kizimbani, anajieleza kwa Kiswahili kilichobeba lugha ya kwao, na kabla hajamaliza sentensi ya kwanza umeshajua ametoka mkoa gani. Upeo wetu ulitufundisha kwamba lafudhi ni jambo la kuchekwa na wote, kila mtu kwa zamu yake. Hadhira ya studio ya London haikuwa na zamu. Mwingereza mwenyewe alichekwa kwa uoga wake au kwa unyapara wa Miss Courtenay, lakini namna yake ya kusema ndiyo ilikuwa kipimo.

Watanzania wana utani wa makabila, nao unalieleza hili kuliko kitabu chochote nilichosoma. Mchaga na Mpare wanaweza kutupiana maneno mazito msibani na hakuna anayekunja uso, kwa sababu kila mmoja ana haki ya kurudisha, na kesho watazikana. Mpita njia asiye mtani akiyasema maneno yaleyale, ni matusi. Maneno hayakubadilika hata silabi. Ninapokipima kichekesho cha zamani siku hizi najiuliza: anayechekwa hapa ana nafasi ya kurudisha?

Swali hilo haliishii kwa Ali na Ranjeet. Fawlty Towers, kichekesho ambacho taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, ilikiweka nambari moja kati ya vipindi 100 bora vya televisheni ya Uingereza mwaka 2000, nacho kimepita hapo. Katika kipindi chake cha 1975 kuhusu wageni Wajerumani, meja mzee anatamka maneno ya kibaguzi. BBC ilipokirudia mwaka 2013 iliyakata maneno hayo. Juni 2020 kampuni ya UKTV ilikiondoa kipindi hicho chote kwa muda, kisha ikakirudisha na onyo mwanzoni. John Cleese, aliyekiandika pamoja na Connie Booth, alilalamika kwamba anayechekwa pale ni meja na mawazo yake ya kale. Nusu yangu inakubaliana naye. Lakini watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walikuwa wameshachunguza jambo la namna hii huko Marekani na Kanada mwaka 1974, kwa watazamaji wa Archie Bunker, mhusika mbaguzi wa kichekesho cha televisheni cha Marekani, All in the Family: wenye ubaguzi na wasio na ubaguzi wote walimfurahia, ila wenye ubaguzi walielekea zaidi kumwona yeye ndiye mwenye haki. Nia ya mwandishi haikai mlangoni kuchagua nani aingie.

Mwenyewe nimebadilika mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa, na kulikuwa na barabara ambako jina lako au matamshi yako yaliamua kama utapita. Miezi michache baadaye nilisikia redioni mzaha wa lafudhi, wa kawaida kabisa, wa aina niliyoicheka tangu nikiwa mtoto. Dereva wa matatu alicheka. Mama aliyekaa karibu nami alifunga kitambaa chake vizuri na kutazama nje ya dirisha mpaka tukafika.

Mara ya pili ni mpwa wangu na swali lake. Tulimaliza kipindi kizima jioni ile. Alicheka mara tano au sita, mara zote Miss Courtenay alipoingia darasani bila kubisha hodi.