Intelijensia ya papo kwa papo kwenye biashara ni nini hasa, na inamhusu vipi mtu wa Kariakoo

Wiki iliyopita mjomba wangu mwenye duka Mtaa wa Narung'ombe alinipigia, nikamwamkia, akaitikia marahaba haraka haraka akaingia kwenye swali lake moja kwa moja, "Hivi hii intelijensia ya biashara mnayoiongelea huko kazini kwenu ndo kitu gani, maana mi nikisikia intelijensia nawaza polisi." Nilimjibu kwa simu dakika kama ishirini hivi ila nikaona swali lake ni la watu wengi, acha niliandike vizuri.

Kwanza tutoe hofu. Hapa hatuongelei kupeleleza watu wala kuiba siri za jirani yako wa duka. Intelijensia kwenye biashara ni taarifa ambayo imechujwa, imehakikiwa, halafu imeunganishwa na mzigo WAKO, hela YAKO au watu WAKO, kiasi kwamba ukimaliza kuisoma unajua cha kufanya. Na hiyo papo kwa papo maana yake imekufikia wakati bado mlango uko wazi. Watu wengi wanakosea hapa, wanadhani papo kwa papo ni sekunde. Sio lazima. Kwa mtu wa kubadilisha fedha ni dakika, kwa anayeagiza vigae inaweza kuwa wiki nzima, kwa mnunuzi wa ufuta Lindi ni kabla minada haijaanza. Kipimo ni je, bado naweza kubadilisha kitu? Kama huwezi tena basi hiyo ni historia hata kama imetokea asubuhi ya leo.

Nikupe mfano kama nilivyompa mjomba. Meli fulani imepunguza spidi baharini, hiyo ni data tu. Bandari ambako meli inaelekea ina foleni ya kushusha, sasa hiyo ni habari. Kontena lako la nguo litachelewa siku tisa, sikukuu ya Eid itakuwa imeshapita, kwa hiyo mpigie saplaya leo kabla hajafunga maboksi ya awamu ya pili, mwambie robo yake ije kwa ndege, HIYO sasa ndo intelijensia. Unaona tofauti? Kitu ni kilekile ila cha mwisho kimekuja na uamuzi mkononi.

Na wala sio jambo jipya kama wauza programu wanavyotaka tuamini. Pwani hii yetu watu walifanya biashara kwa pepo za kaskazi na kusi karne na karne, jahazi likitia nanga nahodha anaulizwa habari za bei za huko alikotoka kabla hata mzigo haujashuka. Kule London karne ya 17 mgahawa wa kahawa wa Edward Lloyd ulijaa manahodha na wafanyabiashara waliokuwa wanafuata habari za meli, na kutoka kwenye vikao vile vya kahawa ndo likazaliwa soko la bima la Lloyd's. Mwaka 1850 Paul Julius Reuter alitumia njiwa kupeleka bei za masoko kati ya Aachen na Brussels kwa sababu waya wa telegrafu ulikuwa haujaunganishwa kipande kile, yaani njiwa walikuwa wanaiacha nyuma treni. Kilichobadilika leo ni wingi. Meli zote za safari za kimataifa kuanzia tani 300 za ujazo zinatakiwa kuwa na mtambo wa AIS unaotangaza meli ilipo, inaelekea wapi na kwa spidi gani, na wewe ukiwa umekaa Mbagala unaiona kwenye ramani ya simu. Kuna satelaiti za hali ya hewa, kuna bei za mafuta zinazobadilika dakika kwa dakika, kuna kampuni kama Dataminr ya New York ambayo mashine zake zinapitia mamilioni ya vitu vinavyowekwa hadharani mtandaoni na kumtumia mteja tahadhari mara tu moto au vurugu zinapoanza mahali. Habari tunazo nyingi mno siku hizi, kinachotushinda ni kujua ipi inatugusa.

Sasa kuna kisa kimoja ambacho mi naona kinaeleza hii dhana kuliko maelezo yoyote, nitakikalia kidogo. Tarehe 17 Machi 2000 radi ilipiga nyaya za umeme kule New Mexico, Marekani, ukatokea moto mdogo kwenye kiwanda cha Philips mjini Albuquerque kilichokuwa kinatengeneza chipu za simu. Moto wenyewe ulizimwa kama dakika kumi tu. Lakini moshi na maji viliingia kwenye vile vyumba ambavyo hata chembe ya vumbi haitakiwi, chipu za mamilioni ya simu zikaharibika. Wateja wake wawili wakubwa walikuwa Nokia ya Finland na Ericsson ya Sweden, na wote wakaambiwa kitu kilekile, kwamba uzalishaji utachelewa kama wiki moja.

Habari moja, kampuni mbili. Nokia hawakuikataa ile taarifa ila hawakuilalia pia, waliziweka zile chipu kwenye uangalizi maalum wakawa wanapiga simu kila siku badala ya kila wiki, na walivyogundua tatizo ni la miezi, wakubwa wao wakaenda juu kabisa Philips kudai nafasi kwenye viwanda vingine, huku mafundi wakibadilisha michoro ili chipu nyingine zitoke kwa saplaya wengine. Ericsson waliridhika na ile wiki moja, taarifa ikabaki kwa watu wa chini, wakubwa wakaja kuelewa uzito wake mambo yameshaharibika na hawakuwa na saplaya wa pili wa zile chipu muhimu. Walipoteza kama dola milioni 400 za mauzo, na mwaka uliofuata biashara yao ya simu wakaiunganisha na Sony. Angalia vizuri hapo, Nokia hawakupata habari mapema sana kuliko Ericsson. Waliiuliza maswali na ikapanda ngazi mpaka kwa mtu mwenye uwezo wa kuamua.

Hilo la kupanda ngazi linanigusa mimi binafsi. Miaka ya nyuma nilifanya kazi kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo hapa mjini, Ijumaa jioni ikaja barua pepe kwamba kontena za mteja wetu zimeshushwa mapema kuliko ratiba na siku za bure zimeanza kuhesabiwa. Kijana wa zamu aliiona, aliielewa kabisa, lakini hakuwa na ruhusa ya kulipa chochote na bosi alikuwa safarini simu haipatikani, tukaja kuhangaika Jumatatu mchana. Mteja alilipa storeji na demareji, yaani tozo za kuchelewa kutoa mzigo na kontena, kwa uzembe ambao haukuwa wake, na yule mama alikuwa ameweka mtaji wake wote kwenye ule mzigo. Mpaka leo nikikumbuka sura yake siku ile pale ofisini roho inaniuma. Taarifa tulikuwa nayo! Tena mapema. Hatukuwa na mtu wa kuifanyia kazi.

Haya, sasa tuje kwenye riski za dunia, vihatarishi kama wanavyoandika kwenye ripoti, yaani mambo ya mbali yanayoweza kuugusa mzigo wako. Tarehe 19 Novemba 2023 waasi wa Kihouthi wa Yemen waliiteka meli ya Galaxy Leader kwenye Bahari ya Shamu, na kufikia katikati ya Desemba makampuni makubwa ya meli kama Maersk, MSC na Hapag-Lloyd yakaanza kukwepa njia ile na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, safari ya Asia kwenda Ulaya ikaongezeka kama siku kumi mpaka wiki mbili. Watu wengi Kariakoo walisema hiyo haituhusu, mzigo wetu unatoka China unakatiza Bahari ya Hindi, haupiti huko. Na kwenye ramani walikuwa sahihi kabisa. Ila fikiria, meli ikizunguka Afrika nzima inakaa baharini muda mrefu, kwa hiyo ili kupeleka mzigo uleule Ulaya unahitaji meli nyingi zaidi na kontena nyingi zaidi, meli na kontena tupu zinakuwa adimu hata kwenye bandari za China kama Ningbo na Shenzhen, na zikiadimika bei inapanda kwa kila mtu pamoja na wewe wa Mtaa wa Kongo ambaye mzigo wako haujawahi kuiona Yemen. Halafu kuna wale wanaoleta nguo na mazulia kutoka Istanbul, hao njia yao ya kawaida inapita Suez na Bahari ya Shamu, kwa hiyo wao waliguswa moja kwa moja. Riski moja, inakufikia kwa milango miwili tofauti, na asiyekaa chini kuchora mzigo wake unapitia wapi na unategemea nini hawezi kujua mlango wake ni upi.

Kingine kwenye mizigo, nimeona watu wanafuatilia meli kwenye ramani wanafurahi imefika, kumbe kontena lao lilishashushwa bandari ya njiani kama Salalah ya Oman au Colombo ya Sri Lanka linasubiri meli nyingine ndogo ya kuja Dar. Fuatilia namba ya kontena, zile herufi nne na tarakimu saba, usifuate jina la meli peke yake.

Dola nayo. Mwaka 2024 shilingi ilishuka mpaka dola moja ikawa kwenye 2,700 na zaidi, halafu mwishoni mwa mwaka ikarudi kwa kasi mpaka karibu na 2,400. Aliyenunua dola nyingi kwa woga mwezi Oktoba aliumia ndani ya wiki chache tu. Hapa intelijensia haikuambii kesho dola itakuwa ngapi, hakuna anayejua hilo. Inakusaidia kujua wewe una deni la dola kiasi gani, linaiva lini, na ikifika bei gani faida yako yote inaisha, ili ukiona inasogea pale uwe umeshaamua.

Mafuta ni rahisi zaidi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, lakini bei ya soko la dunia unaiona kila siku na haikufikii kituoni siku hiyohiyo, inachukua wiki kadhaa. Kwa hiyo mwenye malori ya Tunduma anayempa mteja bei ya miezi mitatu bila kuangalia mafuta ya dunia yanaelekea wapi anajifunga mwenyewe wakati taarifa iko wazi na ni ya bure.

Na ya bure mengine tunayadharau. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa walitoa tahadhari kabla hakijafika Mafia tarehe 4, boti za Zanzibar zikasimamishwa. Aliyesikia mapema na ana mboga za kupeleka Unguja alikuwa na muda wa kupeleka siku kabla au kuuza hapahapa Dar. Wiki moja baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikakatika, mtandao ukawa wa kusuasua nchi nzima. Siku hiyo kila aliyetegemea simu janja peke yake kujua dunia inaendaje alikuwa kipofu. Ndo maana mi nasema lazima uwe na namba za watu, wakala wa Tunduma anayeweza kukuambia kwa mdomo wake foleni ya kuvuka mpaka kuingia Nakonde, Zambia, imefika wapi, hakuna programu itakayokupa hilo kwa uhakika kama yeye aliyesimama pale.

Ila mtu mmoja asiwe ndo chanzo pekee. Zile voisi noti za magrupu ya wafanyabiashara, "bandari imesimama jamani msilete mizigo", kabla hujasimamisha oda tafuta chanzo cha pili ambacho hakijamsikia huyo wa kwanza. Watu kumi wakifowadi voisi moja bado ni chanzo kimoja.

Mjomba baada ya kunisikiliza akauliza, sasa mimi na daftari langu nafanyaje? Nikamwambia hauhitaji kununua kitu. Andika mzigo ulioko njiani na hela iliyoko ndani yake. Pembeni andika vitu viwili vitatu vinavyoweza kuuharibu, sio hamsini, viwili vitatu. Mbele ya kila kimoja andika dalili utakayoiangalia, na tarehe au bei ambayo ikifika unafanya kitu, na nani anafanya kama wewe hupo. Shangazi ana ruhusa ya kulipa? Kama hana, mpe leo.

Jana usiku kanitumia picha ya ukurasa mmoja wa lile daftari la hesabu. Kontena la mazulia, Istanbul. Chini yake kaandika kwa wino mwekundu: "Tarehe 14 kama halijavuka Suez nampigia mteja wa hoteli mwenyewe, nisisubiri anipigie. Nikiwa safari, mama Zuhura anapiga."