Kidole cha kufungulia simu hakiendi serikalini

Kwenye magrupu ya Mwanza kuna ujumbe usiokufa: eti ukifungua simu kwa kidole, alama zako zinatumwa serikalini au kwa kampuni iliyoiunda. Sivyo. Simu hutunza vipimo vya kidole ndani ya chipu yake yenyewe, na programu ya benki huambiwa tu "ndiye" au "siye". Weka simu kwenye hali ya ndege, gusa: inafunguka. Ukinunua nyingine, hata ya kampuni ileile, utasajili kidole upya. Kwa hiyo usiusambaze ujumbe huo.

Watu wanachanganya na usajili wa laini. Pale kidole kinasafiri kweli, kikalinganishwa na kumbukumbu za kitambulisho cha taifa, na hapo ndipo pa kuwa macho. Wakala akirudia "hakijasoma, weka tena", huenda anasajili laini ya pili kwa jina lako. (Ingawa kwa wavuta nyavu wa Mwaloni Kirumba, vidole vilivyosuguliwa na kamba hugoma kweli.) Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ukirudia kwa kila mtandao. Usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho, waifute.