Kuzaliwa mlimani si kinga: maswali na majibu kuhusu ugonjwa wa mwinuko

Nilizaliwa milimani, sasa naishi tambarare. Nimerudi likizo na nataka kupanda njia zangu za utotoni. Kweli naweza kuugua?

Unaweza, na wewe ndiye unayenitia wasiwasi kuliko mgeni. Mgeni huuogopa mlima, anauliza, anakwenda pole pole. Mwenyeji anashuka kwenye gari leo, kesho alfajiri yuko njiani, tena mbele ya wenzake. Mwili ukikaa chini wiki chache tu unapoteza mazoea ya hewa nyepesi. Wapo hata wenyeji ambao mapafu yao hujaa maji kwa sababu hiyo hiyo ya kurudi juu baada ya kukaa bondeni, hasa watoto na vijana.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa unapungua na kila pumzi inaleta oksijeni pungufu. Mwili hujirekebisha, lakini kwa siku kadhaa. Ukiuharakisha, kichwa kinauma, chakula kinakushinda, unasikia kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu, usingizi unakuwa wa mang'amung'amu. Kwa kawaida huanza ukivuka mita 2,500, saa 6 hadi 12 baada ya kufika.

Nikimeza dawa ya maumivu nikalala, si asubuhi nitakuwa sawa?

Maneno haya nimeyasikia mno, mara nyingi kutoka kwa ndugu wanaosimulia alichosema mgonjwa kabla hajaanza kuweweseka. Dawa ya maumivu meza, si kosa. Kosa ni kuendelea kupanda huku kichwa kinauma. Kaa hapo hapo ulipo. Ukipata nafuu kabisa, endelea kesho. Usipopata nafuu, shuka. Ukizidiwa, shuka sasa hivi.

Nitajuaje kwamba nimezidiwa?

Chora mstari mchangani. Mwambie mwenzako autembee hatua kama kumi, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akipepesuka kama mlevi, ubongo wake unavimba. Kuchanganyikiwa ni dalili hiyo hiyo, na msicheke akikosea jina la mtu anayemfahamu. Upande wa mapafu, tazama mtu anayehema hali ameketi, anayekohoa bila kukoma, midomo ikigeuka rangi ya buluu. Makohozi yenye povu la waridi yakitoka, mmeshachelewa, lakini bado shukeni.

Ni usiku na baridi kali. Tusubiri kupambazuke?

Hapana. Ukiona dalili hizo nilizotaja, na njia inapitika, washeni tochi mshuke. Mapafu yaliyojaa maji huzidi usiku, na kuna wanaoletwa kwetu asubuhi wakiwa wamebebwa mgongoni, wengine hawazungumzi tena. Kushuka mita 300 hadi 1,000 mara nyingi kunaleta tofauti kubwa. Oksijeni kama ipo apewe, huku anashushwa. Chai ya tangawizi, kusuguliwa kifua, kufunikwa blanketi la pili: hakuna hata kimoja kinachochukua nafasi ya kushuka. Shukeni.

Mimi nakimbia kila asubuhi, nina pumzi.

Vizuri kwa moyo wako. Haikukingi na ugonjwa huu. Wenye pumzi hufika juu haraka, na haraka ndiyo inayowaangusha.

Kidogo tu cha kupasha mwili?

Pombe hapana, na vidonge vya usingizi hapana. Vyote hupunguza upumuaji usiku, saa ile ile mwili unapotafuta hewa.

Nipande vipi basi?

Ukishavuka mita 3,000, kila usiku ulale si zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku 3 au 4 pumzika siku nzima. Mchana unaweza kupanda zaidi kisha ukarudi kulala chini. Ipo dawa ya kukinga, asetazolamidi, inayoanzwa siku moja kabla. Muone daktari kwanza, na mwambie kama una mzio wa dawa za salfa. Usiombe kidonge cha mwenzako kambini.

Mgonjwa anasema anaweza kushuka peke yake, sisi tuendelee.

Anayesema hivyo ni mtu ambaye ubongo wake hauna oksijeni ya kutosha. Mtu mwenye nguvu ashuke naye, ambebee mzigo, amshike mkono, wala asimwache njiani hata akisema ameshapata nafuu.